Dekio Asinyolewe

Kicheko kilitoka kabla habari haijaingia.

Ilikuwa asubuhi. Cherehani alikuwa kwenye chumba chake cha kushonea, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, anakunja pindo la sketi ya mteja, shemeji yake alipojitokeza mlangoni. Mguu wa kulia alivaa kiatu cheusi cha kanisani, wa kushoto ndara ya bafuni. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alisimama kiumbe ambaye asiyemjua angedhani ni zulia lililowatoroka wenyewe. Kumbe ni mbwa. Jina lake Dekio, kwa sababu tangu utoto wake alikuwa akiburuta nywele sakafuni na kuacha nyuma yake njia safi.

Cherehani alitema pini kiganjani, akaangua kicheko. "Shemeji! Nani amekuvisha leo, huyo mbwa?"

Shemeji akaitazama miguu yake kana kwamba ameiazima. Naye akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akasema, "Shemeji, dada yako ametangulia. Alfajiri hii. Alilala tu, hakumsumbua mtu."

Kicheko cha Cherehani hakikusimama papo hapo. Kiliendelea chenyewe, kama gurudumu la mashine linavyozunguka mguu ukishatoka kwenye pedali, halafu kikapinda kikawa kitu kingine. Akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Dekio akaja, akamlalia mapajani kwa uzito wake wote. Cherehani akamkumbatia, akaingiza vidole kwenye nywele zake ili apate cha kushika, na vidole havikuingia. Viligota. Kuanzia nyuma ya masikio mpaka mkiani yule mbwa alikuwa fundo juu ya fundo.

Hapo ndipo ahadi ilipomrudia, akalia vizuri.

Ahadi yenyewe aliitoa hospitalini. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chanuo, alikuwa msusi. Alichana vichwa vya watu maisha yake yote, na ugonjwa ulipomfika, dawa zikaanza na nywele zake. Zikaisha zote. Mumewe naye alikuwa na kipara tangu ujana, kipara cha kung'aa, nzi akitua anateleza. Siku ambayo Cherehani alimkuta dada yake kitandani na kofia ya sufu ya buluu iliyofunika mpaka nyusi, Mama Chanuo alimwita karibu kama mwenye siri, akamshika sikio.

"Nisikilize wewe. Katika nyumba yangu, mwenye nywele amebaki mbwa peke yake. Asinyolewe."

"Dada, nani atamnyoa?"

"Wewe. Nakujua. Ukikutana na jambo gumu mkono unatafuta mkasi."

"Ninashona nguo, nifanyeje?"

"Shona nguo. Mbwa wangu niachie. Na siku nikienda, aje kuniaga amechanwa vizuri. Asije kama kichaka, watu wakasema Mama Chanuo amekufa na kazi yake imemfuata."

"Nitamchana mimi."

"Bila mkasi."

"Bila mkasi, Dada. Niachie sikio."

Hakusingiziwa. Tangu wakiwa wadogo, mmoja alikuwa wa kufungua na mwingine wa kukata. Wakipewa mwanasesere, mikononi mwa mkubwa anapata misuko, mikononi mwa mdogo anapata upara kabla ya chakula cha jioni. Kamba ya kiatu ikijifunga, mdogo anakata. Uzi ukijisokota, anakata. Hata hadithi ikiwa ndefu aliikata, akarukia mwisho. Jina la Cherehani hakupewa kwa sababu ya kazi yake tu. Akianza kusema hakuna nukta, ni mshono mmoja mpaka uzi uishe.

Mama Chanuo alianza na saluni ya chumba kimoja, viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Angekaa na wanawake wake mpaka mwisho, ila siku moja muuza nyama wa pale kona alikuja kuazima mashine ya kunyolea. Mpangaji wake alikuwa amehama na kumwachia mbwa jike mwenye nywele ndefu, na nywele hizo zilikuwa zimejifunga mpaka mbwa anatembea upande kama kaa.

"Mashine ya nini?" Mama Chanuo aliuliza.

"Nimnyoe. Au nimfukuze. Kimojawapo."

"Mlete kitini."

"Kiti kipi?"

"Unaona vingapi?"

Mke wa mwalimu, aliyekuwa kwenye kiti cha pili na rola kichwani, alitoka mbio mpaka barabarani, akasimama huko na rola zake, anasema hatachangia chanuo na mbwa. Mama Chanuo alimwacha huko huko. Alichukua chanuo jingine, akamlaza yule mnyama, akaanza kwenye ncha za nywele, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Mbwa alitetemeka, akatulia, akapiga miayo. Alipoanza kukoroma, mke wa mwalimu alikuwa ameshasogea hadi dirishani.

"Mimi mbona hujawahi kunichana nikalala?"

"Wewe hunyamazi," akajibiwa.

Baada ya hapo mbwa waliletwa kutoka mitaa ambayo hata Shemeji, dereva wa teksi, hakuijua. Mama Chanuo akamwita mchoraji aandike kibao kipya. Kikaandikwa SALUNI: WANAWAKE NA MBWA. Wanawake wakaja juu, kwa nini wamewekwa fungu moja. Mchoraji akarudi, akageuza: MBWA NA WANAWAKE. Siku hiyo nusura ateremshwe ngazini kwa mwavuli. Mara ya tatu Mama Chanuo aliandika mwenyewe: MAMA CHANUO, KICHWA CHOCHOTE. Kibao hicho kipo mpaka leo, na herufi ya mwisho imeinama kwa kukosa nafasi.

Alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliichekea kwanza, kisha wakaanza kuitegemea. Kila fundo alilipa jina la mtu. Akilishika, anamtaja mtu huyo kwa Mungu kwa sauti ya chini, na hasemi amina mpaka fundo lifunguke. "Ukimwombea mtu huwezi kuvuta kwa hasira," alisema. "Na ukivuta kwa hasira, mbwa anajua." Wenye matatizo walikuja hata bila mbwa. Walichungulia tu mlangoni: "Mama Chanuo, leo una fundo la kunipa?" Naye anainua sikio la mnyama aliyepo mezani, anaangalia, anasema lipo, tena kubwa.

Dekio alikuwa mjukuu wa yule mbwa wa muuza nyama. Kila jioni baada ya kufunga alichanwa hata kama hakuwa na fundo. Lakini ugonjwa ulipohamishia nyumba nzima hospitalini, huyu akibeba supu, yule akibeba shuka, chanuo lilibaki kwenye msumari wake. Dekio alilala chini ya kitanda, na kila siku mgonjwa aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alilala kitandani, kichwa chini ya kidevu cha Mama Chanuo.

Sasa maziko yalipangwa Jumamosi. Nyumba ilijaa ndugu, viti vya kuazima na birika za chai. Mama yao mzazi, bibi mwembamba mwenye ulimi usiozeeka, alikaa jikoni kwenye kigoda akipokea pole kama anapokea mizigo: "Asante, weka hapo, pumzika." Alhamisi Cherehani aliamua kuanza kazi. Alimkagua Dekio, akamnusa, akakunja pua. Akawaza kama mtu aliyekaa miaka kwenye saluni ya dada yake akisubiri chai: pale kila mwanamke alioshwa kwanza, ndipo akachanwa. Basi. Akamwingiza Dekio kwenye karai, akammwagia maji ya uvuguvugu, akamsugua kwa sabuni ya harufu ya limau mpaka povu likatoka mlangoni. Kisha akamfuta na taulo kwa kuzungusha, kwa nguvu na kwa upendo, kama mtu anayekausha sufuria.

Shemeji alirudi kutoka kwa seremala wa jeneza. Alipomwona mbwa amelowa, kofia ilimwanguka.

"Shemeji. Umemwosha?"

"Ananukia limau! Mnuse!"

"Umemwosha kabla ya kumchana?"

"Si ndivyo Dada alivyokuwa anafanya?"

"Kwa wanawake, shemeji yangu! Kwa wanawake! Mbwa ni chanuo kwanza, maji baadaye. Miaka yote hiyo aliimba hivyo, chanuo kwanza, maji baadaye, mimi hata usingizini nausikia wimbo huo."

"Sasa maji yakitangulia inakuwaje?"

Shemeji aliokota kofia yake. Hakuwahi kuona maji yakitangulia.

Waliona kesho yake asubuhi. Mafundo yaliyokuwa mepesi yalikuwa yamekunywa maji, yakajikaza, yakakaukia pamoja. Cherehani aligusa mgongo wa Dekio, na kwa kuwa alijua vitambaa, hakuhitaji kuambiwa. "Mama yangu," alisema. "Hili ni blanketi. Nimefuma blanketi juu ya mbwa." Dekio alitikisa mkia, na mkia ulitikisika mzima kama rungu.

Alimpeleka chumba cha kufulia, nyuma ya sebule, akafunga mlango. Akachukua brashi ya pini za waya, akaiweka mgongoni, kwenye mizizi ya nywele, akavuta.

Dekio aliinua kichwa, akatoa uuu moja ndefu iliyopita chini ya mlango.

Sebuleni wageni walikuwa wameshanyamaza, mchungaji ameanza kuomba. Mwanamke mmoja aliposikia ile sauti alidhani ni mfiwa, akaitikia. Wa pili akamfuata. Cherehani akavuta tena, Dekio akapandisha sauti, sebule nayo ikapandisha. Mchungaji akaongeza sauti yake ili Mungu amsikie yeye kwanza. Mbwa naye, akisikia watu wengi wanamuunga mkono, alijitanua kifua akaimba kwa moyo wake wote. Kilio kilivuka ukuta, majirani wakaanza kutoka na kanga begani, mpaka bibi alipotokea jikoni na mwiko mkononi.

"Nyamazeni! Huyo ni mbwa!"

Kimya. Mchungaji amekwama katikati ya neno. Kisha kutoka nyuma ya mlango, Dekio peke yake, uuu, ndogo, kama anayeuliza mbona mmeniacha.

Aliyeanza kucheka hakujulikana. Ila walicheka wote, mikono tumboni, wakiegemeana, machozi yale yale yakitumika kazi mbili. Mchungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamtazama Shemeji, akaivua tena. "Mungu wetu anatufahamu," alisema alipopata pumzi. Ikawa ndiyo amina.

Mle ndani Cherehani hakucheka. Alikuwa ameshika mkasi. Mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, uliomfuata kila mahali mkobani. Alikuwa amemwinua Dekio mguu wa mbele, anatazama bonge lililokazana pale kama ngumi, anajiambia ni hili moja tu, la kwapani, nani ataona.

Mlango ukafunguka. Bibi akaingia, akaufunga kwa kisigino.

"Lete."

"Mama, ni hili moja—"

"Lete hapa."

Bibi alichukua mkasi, akauweka juu ya kigoda, akaukalia.

"Mama, utajichoma!"

"Nimekalia makubwa kuliko haya. Na siinuki hapa mpaka huyu mbwa awe mbwa." Akamtazama binti yake. "Unamchana kama unang'oa magugu. Dada yako alikuwa anakuchanaje wewe?"

"Mimi?"

"Wewe, uliyekuwa na kichwa kama kiota. Mimi nikikugusa unapiga kelele mpaka jirani anakuja na fimbo. Yeye akikugusa unalala. Alikuwa anafanyaje?"

Cherehani aliinua mkono, akashika nywele zake mwenyewe karibu na ngozi. Hakujua kwamba anakumbuka, mkono ulikumbuka wenyewe. Dada yake alikuwa akiibana nywele pale chini, kati ya ngozi na fundo, kwa vidole viwili, imara, ili chochote kitakachovutwa juu maumivu yasishuke kichwani. Halafu anaanza ncha. Daima ncha. Robo kidole, anasogea, robo kidole, anasogea. Na alikuwa na msemo, alioutumia kwa nywele, kwa uzi, na kwa ndugu waliokosana: fundo halivutwi, linabembelezwa.

"Shemeji!" Cherehani akaita. "Ule unga mweupe wa Dada uko wapi?"

Shemeji aliingia na kopo la wanga, ule unga laini ambao Mama Chanuo alikuwa akinyunyiza kwenye mafundo ili nywele ziteleze zisishikane. Akaja na chanuo pia, lile la meno mapana, lililokuwa kwenye msumari. Kwa furaha ya kuwa na kazi alitikisa kopo kwa nguvu, na wote wanne wakapata: mbwa, Cherehani, bibi na kipara.

"Sasa tunafanana na mikate," bibi akasema.

Cherehani alikaa sakafuni, Dekio akalala ubavu. Alianza na fundo dogo la kwenye paja, si lile la kwapani. Akabana chini. Akanyunyiza wanga. Akalipasua bonge kwa vidole, kwa urefu, kama unavyogawa nyuzi za pamba, akapata mawili madogo, akayagawa tena. Kisha chanuo, kwenye ncha tu. Dekio alifungua jicho moja. Hakulia.

"Hujataja mtu," Shemeji akamwambia kwa kunong'ona.

"Ee?"

"Kila fundo na mtu wake. Ndivyo alivyofanya."

"Haya. Hili la Mama. Bwana, mpe mama yangu nguvu, na umpunguzie maneno."

"Hilo halifunguki leo," bibi akasema.

Lilifunguka. Amina. La pili likawa la Shemeji, Bwana amfariji na amwonyeshe kiatu cha kushoto kiliko. La tatu muuza nyama. La nne mke wa mwalimu. Cherehani alimaliza ndugu wote wa damu kwenye paja moja, akahamia wakwe kwenye mgongo, majirani wakatosha mbavu za kulia. Majina yakaanza kupungua na mbwa bado yupo. Ikabidi awaombee asiowapenda. Akamwombea mteja aliyesema suti yake imeshonwa na kipofu. Fundo hilo lilikuwa baya, na kila alipomkumbuka mwenyewe kidole kilikaza, Dekio akanung'unika, ikabidi aache, apumue, aanze upya kwa upole mpaka amsamehe yule mtu kabisa. Akashangaa. Kumbe Dada alikuwa anatumia mbwa kumalizia ugomvi.

"Mweke na yule mwanamke aliyesema hatakanyaga harusini kwangu," bibi akasema.

"Mama, yule alishakufa."

"Waombee watoto wake. Pua zao ni zake."

"Na yule aliyenipigia honi jana nikiwa na mawazo," Shemeji akadakia.

"Jina lake?"

"Simjui. Mwenye gari la njano."

"Bwana, mwenye gari la njano."

Walicheka mpaka Shemeji akakaa ndani ya karai. Wageni walianza kuchungulia, mmoja mmoja, wakiomba fundo: yule ana mtoto anayefanya mtihani, yule mgongo, yule hasemi, anaonyesha tu fundo kwa kidole na kufumba macho. Dekio alipumzishwa mara kwa mara, akapewa maji na kipande cha nyama, akageuzwa upande wa pili. Sehemu iliyokwisha Cherehani aliitenga mstari kwa mstari mpaka ngozi ikaonekana, akapitisha chanuo kutoka kwenye mzizi. Dada yake alisema hapo ndipo msusi anajulikana: likipita umemaliza, likigota umedanganya. Likagota mara nyingi. Akarudi mara nyingi. Yeye, mtu wa kukata! Vidole vilikufa ganzi na moyo ulikuwa mwepesi, jambo alilolionea aibu kidogo, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya msiba.

Lile la kwapani alilitoa jioni, mwanga ukiwa unaondoka dirishani. Alilifungua kwa jina la mchungaji, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kwa hiyo mnakusudia kuja naye makaburini?" mchungaji akauliza.

"Ndivyo alivyoomba marehemu."

Mchungaji akamtazama Dekio, aliyekuwa amelala chali, tumbo laini, miguu hewani. "Mungu ndiye aliyemvisha nywele zote hizo. Mimi ni nani nimzuie? Ila asiimbe."

Jumamosi asubuhi Dekio alikuwa mweupe upande mmoja na wa rangi ya asali upande mwingine. Watu walikuwa wamesahau kwamba ana rangi mbili. Alitembea uani, nywele zikimfuata nyuma kidogo kama gauni la harusi, na bibi akapiga vigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Cherehani alipitisha chanuo mara ya mwisho. Mgongoni likapita. Mkiani likapita. Nyuma ya sikio la kushoto, likagota.

Akainua sikio. Lilikuwa dogo, limejificha kwenye kikunjo kabisa, gumu kama punje ya hindi. Barabarani gari lilikuwa limeshapiga honi. Jeneza lilikuwa limetolewa, watu wameanza kupanda.

Bibi aliinuka. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kuukalia mkasi kwenye kile kigoda, na sasa aliushika, akamnyoshea binti yake. "Chukua, mwanangu. Umefanya ya kutosha. Hata yeye angekuambia kata."

"Asingeniambia."

"Gari linaondoka."

"Nitaendelea garini," Cherehani akasema. Akaweka chanuo kwenye mkoba, mkasi akauacha mkononi mwa mama yake.

Garini barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilirudisha fundo lilikotoka. Hakuwa na jina la kulipa. Watu wote walikuwa wameisha. Alimtazama Shemeji, aliyekuwa amevaa viatu viwili vinavyofanana na anaonekana kama amevaa vya mtu mwingine. Shemeji akatikisa kichwa. Hata yeye hakuwa na mtu.

Makaburini palikuwa na upepo na nyasi zilizofyekwa upya. Jeneza liliwekwa juu ya mbao mbili. Watu walisimama duara, familia mbele. Cherehani alipiga magoti kwenye nyasi kwa gauni lake jeusi, Dekio akamwekea kichwa pajani. Mchungaji alisoma, kisha watu wakaanza kuimba. Wakati wanaimba, Cherehani alibana nywele chini, kati ya ngozi na fundo, akaanza kwenye ncha, na akamtaja dada yake. Hakuomba chochote. Alimshukuru Mungu kwa jina lile tu, akalirudia.

Fundo likalegea. Alilipasua kwa kucha, likawa mawili, likawa manne, na katikati yake palikuwa na kijinyuzi cha sufu ya buluu. Kilitoka kwenye kofia. Dekio alikuwa amekichukua pale kidevuni, akakitunza nyuma ya sikio wiki zote hizo. Cherehani alikivuta kikatoka bila kunasa. Akapitisha chanuo kutoka kwenye mzizi mpaka ncha.

Likapita.

"Amina," akasema.

Wimbo ukaisha. Wanaume wanne, Shemeji akiwa mmoja wao, wakashika kamba, mbao zikatolewa, jeneza likateremshwa taratibu. Dekio alisimama pembeni akatazama. Hakuimba. Mchungaji alitupa udongo, kisha bibi, kisha Shemeji. Cherehani alichukua udongo kwenye kiganja chenye ule uzi wa buluu, akavitupa pamoja. Bibi alimshika mkono wenye chanuo, akidhani anataka kulitupa nalo.

"Hilo libaki," alisema. "Kazi bado ipo."

"Sikutaka kulitupa, Mama."

Wakafukia. Wakaweka maua na msalaba wa mbao ulioandikwa jina ambalo wengi walikuwa hawalijui. Mchungaji akaomba, akatoa baraka. Watu wakaaga, wakarudi kwenye magari. Familia ilibaki kidogo, kisha nayo ikaondoka, bibi mbele, Shemeji akimshika mkono, Cherehani nyuma na kamba ya Dekio. Ilikuwa imepita saa sita mchana.